Kumi juu ya Kumi, Lakini Gizani: Historia ya Upasuaji wa Macho kwa Leza na Malalamiko ya Usiku

Mjomba wangu anaona kumi juu ya kumi. Karatasi ya vipimo inasema hivyo, na mimi mwenyewe nimeisoma. Lakini tangu afanyiwe upasuaji wa macho kwa leza katika mji mmoja wa ng'ambo alikokwenda kwa biashara zake, hashuki tena barabara ya Bugarama baada ya jua kuzama. Akichelewa huko juu mlimani, huegesha gari karibu na soko la mboga na kulala humo humo hadi asubuhi. Anasema kila taa ya gari linalopanda huzungukwa na pete kubwa ya mwanga, na pete hizo zikigusana, barabara yote hupotea. Anayeijua barabara hiyo anaelewa hofu yake: ndani ya pete moja anaweza kuwamo kijana mwenye baiskeli iliyosheheni ndizi, asiye na taa yoyote.

Alipowapigia simu waliomfanyia upasuaji, alijibiwa kwamba macho yake ni mazima, na kama ana shaka akapime tena. Alipima. Kumi juu ya kumi.

Mjomba alikuwa amemwahidi mama kwamba atanilipia upasuaji huohuo nikifika mwaka wa mwisho wa chuo. Ahadi hiyo aliitoa kabla hajafanyiwa yeye, na si mtu wa kurudisha neno. Mimi navaa miwani ya dioptri tano. Nikiivua hapa nyumbani Mutanga Sud, taa za mji kule chini hugeuka madoa tu. Siku tuliyozungumza kuhusu safari aliniambia: "Mpwa wangu, pesa ipo. Lakini wewe unasoma historia. Kaniangalizie hao watu walijua nini, na walijua lini."

Insha hii ni jibu langu kwake. Hoja yangu ni kwamba matatizo ya kuona usiku baada ya upasuaji huu hayakuwa siri wala ajali. Yalijulikana mapema, na yalikuwa na sababu inayoweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Yalikaa muda mrefu bila kusikilizwa kwa sababu chombo kilichotumika kupimia mafanikio kilikuwa chombo cha mchana.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo majirani zetu waliyachanganya. Mjomba alipoeleza shida yake, alishauriwa ale maini, karoti na mafuta ya mawese. Ushauri huo una msingi wake. Upofu wa usiku unaotokana na ukosefu wa vitamini A ni maradhi ya zamani sana, na Wamisri wa kale walikwisha kuandika juu ya kuyatibu kwa ini. Katika maradhi hayo, seli za retina zinazofanya kazi gizani hukosa malighafi zao, na mtu haoni kitu pasipo na mwanga. Mjomba anaona gizani. Kinachomtesa ni mwanga wenyewe: ukiwa mdogo na mkali katikati ya giza, hauingii jichoni kwa mpangilio. Tatizo lake liko mbele ya jicho, kwenye konea, ile ngozi angavu inayofunika mboni. Kwa hiyo karoti hazitamsaidia.

Tuanze na chombo cha kupimia. Mwaka 1862 daktari Mholanzi Herman Snellen, wa mji wa Utrecht, alichapisha chati ya herufi zinazopungua ukubwa kutoka juu kwenda chini. Miaka 10 baadaye, mwaka 1872, Mfaransa Ferdinand Monoyer alipendekeza dioptri iwe kipimo cha nguvu ya lenzi. Ndiye pia aliyetengeneza chati inayohesabu uwezo wa jicho kwa sehemu za kumi. Sisi ambao udaktari wetu umefundishwa kwa Kifaransa tumemrithi yeye, na ndiyo maana husema "kumi juu ya kumi" pale ambapo majirani zetu waliofundishwa kwa Kiingereza husema "sita kwa sita". Chati zote mbili zina sifa moja: herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Zinauliza swali moja tu, nalo ni udogo wa herufi unayoweza kuisoma kukiwa kweupe. Kwa kuchagua miwani, swali hilo linatosha. Kwa kuhukumu upasuaji unaobadilisha umbo la jicho, halitoshi, lakini kwa miaka mingi ndilo lililotumika.

Kukata konea ili kuondoa miwani hakukuanza na leza. Mwishoni mwa miaka ya 1930, daktari Mjapani Tsutomu Sato alianza kuikata konea kwa kisu ili kubadilisha mviringo wake, mbele na nyuma. Wakati huo haikujulikana kwamba tabaka la ndani kabisa la konea ndilo linaloifanya ibaki angavu. Wagonjwa wake wengi walifurahi mwanzoni, kisha miaka mingi baadaye konea zao zikajaa maji na kupata ukungu. José Ignacio Barraquer aliandika mwaka 1949 juu ya wazo la kuchonga konea yenyewe kama fundi anavyochonga lenzi. Alikata kipande chembamba, akakigandisha kwa baridi, akakichonga kwa mashine na kukirudisha mahali pake.

Aliyeufanya upasuaji huu kuwa jambo la watu wengi ni Mrusi Svyatoslav Fyodorov. Katika miaka ya 1970, mjini Moscow, alichora mikato midogo kwenye konea kama spoku za gurudumu la baiskeli, upande wa mbele tu, huku akiacha duara la katikati bila kuguswa. Hospitali yake ilipata sifa kwa kuwapanga wagonjwa kwenye mzunguko kama wa kiwandani, kila daktari akifanya hatua moja na mgonjwa akipelekwa kwa anayefuata. Mbinu hiyo ilifika Marekani mwaka 1978.

Hapo ndipo usiku unapoingia katika historia hii. Duara lililoachwa katikati lilikuwa la milimita tatu au nne hivi. Mchana mboni hujibana na mwanga wote hupitia humo. Usiku mboni ya kijana hufunguka hadi milimita sita, saba au zaidi, na mwanga hupita pia kwenye makovu ya mikato. Taa moja huota miale pande zote kama nyota inayochorwa na mtoto. Wagonjwa walilieleza hilo tangu mwanzo. Mikato hiyo pia haikutulia. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba asilimia 43 ya macho yalikuwa yamesogea kwa dioptri moja au zaidi kuelekea kutoona karibu.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Beck Weathers, daktari wa Texas aliyepanda Everest mwezi Mei 1996. Alikuwa amefanyiwa mikato hiyo. Katika hewa nyembamba ya mlima konea zake zilibadilika umbo, na gizani kabla ya mapambazuko, mboni zikiwa wazi, hakuweza kuona pa kukanyaga. Akabaki nyuma kusubiri, dhoruba ikamkuta. Aliokoka, lakini baridi ilimpotezea mkono wa kulia, vidole vya mkono wa kushoto na pua. Kwa chati ya daktari, upasuaji wake ulikuwa umefaulu.

Leza ilikuja ikiahidi kumaliza matatizo ya kisu. Leza ya aina ya eksima ilivumbuliwa Moscow mwaka 1970 na Nikolai Basov na wenzake. Mwaka 1981 wanasayansi watatu wa kampuni ya IBM katika jimbo la New York, Samuel Blum, James Wynne na Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, walikuwa wakitafuta kazi nyingine ya mwanga huo wa urujuanimno. Siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, Srinivasan alileta maabarani mabaki ya bata mzinga wa chakula cha sherehe na kuyapiga kwa leza hiyo. Ilichimba mfereji safi bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 Srinivasan na daktari wa macho Stephen Trokel walionyesha kwamba konea nayo inaweza kuchongwa hivyo. Mwaka 1988 Marguerite McDonald, katika mji wa New Orleans, aliitumia kwenye jicho la binadamu lenye kuona vizuri, la mwanamke ambaye jicho hilo lilikuwa liondolewe kwa sababu ya saratani. Muda mfupi baadaye, kwenye kisiwa cha Krete, Ioannis Pallikaris aliunganisha wazo la Barraquer na leza: akafunua tabaka jembamba la konea kama ukurasa wa kitabu, akachonga chini yake, kisha akalirudisha. Hiyo ndiyo LASIK. Mwaka 1995 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha leza ya kwanza kwa ajili ya kutibu kutoona mbali.

Makovu ya mikato yakaisha. Kwa nini basi pete hazikuisha? Hapa ndipo ilipo ile hesabu ndogo niliyoitaja. Mwaka 1988 Charles Munnerlyn na wenzake walichapisha kanuni inayokadiria kina cha kuchonga: zidisha kipenyo cha eneo linalochongwa, kwa milimita, kwa kipenyo hichohicho, kisha zidisha kwa idadi ya dioptri, halafu gawanya kwa tatu. Jibu ni mikroni za konea zitakazoondolewa. Chukua jicho langu la dioptri tano. Eneo la milimita nne litaondoa karibu mikroni 27. Eneo la milimita sita na nusu litaondoa karibu mikroni 70. Konea nzima ina unene wa nusu milimita na kidogo, na ikipunguzwa sana hudhoofika na kufura. Kwa hiyo kila milimita ya usiku ililipiwa kwa unene wa konea.

Madaktari wa mwanzo walichagua kuokoa unene. Maeneo ya kwanza yalikuwa ya milimita nne hadi tano, na mara baada ya wagonjwa kuanza kueleza pete na miale, yakapanuliwa hadi sita na zaidi, huku kingo zikilainishwa. Mabadiliko hayo ni ushahidi kwa mwanahistoria: mtu hapanui kitu asichojua kwamba ni chembamba. Tukirudi kwenye swali la mjomba, walijua mapema katika miaka ya 1990.

Lakini upana haukuwa sababu pekee. Konea ya asili ina mviringo mkali katikati na hutambarika polepole kuelekea pembeni, umbo linalosaidia miale ya pembeni ikutane na ya katikati. Kuchonga kwa ajili ya kutoona mbali kunageuza mpangilio huo, katikati ikawa tambarare kuliko pembeni. Mboni ikiwa ndogo, kosa hili halionekani. Ikifunguka usiku, miale ya pembeni hukosa shabaha na taa huvaa pete. Ndiyo maana tafiti za baadaye ziligundua kwamba ukubwa wa mboni peke yake hautabiri nani atapata shida. Idadi ya dioptri zinazoondolewa nayo ina uzito mkubwa.

Ni nani aliyefanya usiku upimwe? Naona makundi mawili. La kwanza ni wanajeshi. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitaka marubani wasiotegemea miwani, lakini rubani hutua pia usiku, juu ya meli. Watafiti wake, wakiongozwa na Steven Schallhorn, hawakuridhika na chati. Waliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji wa gari usiku na kupima umbali ambao mtu hutambua alama ya barabarani au kitu cha hatari. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba uchongaji unaoongozwa na ramani ya kasoro za kila jicho, mbinu iliyoazimwa kwa wanaastronomia wanaotuliza mmeto wa nyota, ulimwacha dereva akiona usiku vizuri kuliko uchongaji wa kawaida. Mbinu hiyo ilikuwa imeruhusiwa Marekani tangu mwaka 2002. Somo lililopo hapo ni chungu kidogo. Usiku ulipopata mwenye nguvu wa kuuulizia, ulipata kipimo. Dereva wa kawaida alikuwa akiuliza tangu zamani.

Kundi la pili ni hao wa kawaida. Tarehe 25 Aprili 2008 FDA iliita kikao cha wazi, na wagonjwa wakasimama kueleza pete, miale, maandishi yenye kivuli na macho makavu yasiyopoa, wakisema kwamba waliambiwa wamepona. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baada ya kikao hicho, FDA ilishirikiana na Wanamaji na Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani kuandaa dodoso ambalo mgonjwa analijaza mwenyewe, bila daktari kusimama mbele yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Miongoni mwa watu ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na dalili kama pete au miale, zaidi ya 4 kati ya 10 waliripoti angalau dalili moja mpya miezi mitatu baadaye. Lakini katika utafiti huohuo zaidi ya asilimia 95 walisema wameridhika na uoni wao, na waliosema dalili zinawapa shida kubwa katika shughuli zao za kawaida hawakufika 1 katika 100. Wengine waliokuwa na pete kabla ya upasuaji walizipoteza.

Wapo watakaosema kwamba takwimu hizo zinamaliza mjadala. Hoja yao ina uzito, na sitaki kuifanya leza kuwa jini. Miwani nayo hutawanya mwanga, hasa ikichakaa, na mimi huona pete ndogo nikivuka barabara mvua ikinyesha. Hata hivyo, kuridhika si kipimo cha usiku. Mjomba mwenyewe, ukimuuliza, atasema ameridhika: anasoma vibao vya mbali, anaogelea ziwani, hatafuti miwani asubuhi. "Mchana ni neema," husema. Katika dodoso angehesabiwa upande wa asilimia 95. Amepoteza usiku mmoja kwa kila safari, na hakuna safu ya kuandikia hasara hiyo.

Pia takwimu hizo zinatoka katika miji yenye taa za barabarani. Kwetu historia ya macho ina sura nyingine. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya wataalamu wa macho Afrika Mashariki imekuwa mtoto wa jicho, trakoma na upofu wa mito, na kazi hiyo imezaa matunda: mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Burundi imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Leza ya kuondoa miwani ni ya wachache wenye uwezo wa kusafiri. Mtu anapofanyiwa upasuaji nchi nyingine kisha akarudi, malalamiko yake hayamfuati daktari, wala daktari haoni barabara ambayo mgonjwa wake anaiendesha. Umeme ukikatika Mutanga Sud, giza huwa giza kamili na taa ya pikipiki moja ndiyo mwanga pekee mtaani. Hali hiyohiyo, mboni pana na nuru moja kali, ndiyo inayoyafichua makosa ya konea kuliko zote. Kwa hiyo tatizo ambalo kwa dereva wa mji wenye taa ni usumbufu, kwa dereva wa Bugarama linaweza kuwa roho ya mtu.

Basi mjomba, hili ndilo jibu. Walijua nini? Walijua kwamba mboni hufunguka usiku kupita eneo lililochongwa, na kwamba kulipanua kunagharimu unene wa konea. Walijua lini? Tangu enzi za kisu kwa upande wa miale, na tangu miaka ya kwanza ya leza kwa upande wa pete. Kwa nini wewe hukuambiwa? Sidhani mtu alikusudia kukudanganya. Alitazama chati, na chati ilimwambia kwamba kazi imekwisha.

Kuhusu pesa ya safari, naomba isubiri. Mimi nina miaka ishirini na kitu, umri ambao mboni hufunguka sana, na dioptri tano si haba. Kabla ya kulala kwenye kitanda hicho, nataka mboni zangu zipimwe gizani, nijue unene wa konea yangu kwa mikroni, nijue eneo litakalochongwa ni la milimita ngapi, na niambiwe kwa maandishi nimpigie nani simu nikiona pete. Nikipata majibu hayo manne, nitakwenda. Nisipoyapata, nitabaki na miwani yangu, na safari ijayo ya Bugarama nitakaa kiti cha mbele nikutazamie barabara.